Mchungaji anasema anayekataa mabadiliko hakui kiroho. Ni kweli?

Swali: Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 63, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, msharika wa kanisa la Kilutheri huku Kilimanjaro. Nimefundisha kwaya kuu ya usharika wetu miaka 24. Mwaka jana tuliletewa mchungaji kijana. Akaanzisha timu ya kusifu na kuabudu, vijana na kinanda chao na gitaa la besi, na sisi kwaya kuu tukabakiziwa Jumapili moja kwa mwezi. Halafu siku moja, kwenye matangazo ya ibada ya pili, nikasikia jina langu: nashukuriwa kwa utumishi wangu, na mwalimu mpya ni kijana ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuimba akiwa kipaimara. Hakuna aliyeniambia kabla. Kaunta buku langu lenye noti za nyimbo zaidi ya 200 nimelifungia kabatini. Hii ni Jumapili ya sita siendi kanisani, nasikiliza ibada redioni. Nilipompigia mchungaji alinijibu, "Mama, mabadiliko ni sehemu ya kukua kiroho. Anayekataa mabadiliko hakui." Je, ni kweli? Na mbona nikiomba najiona nimekauka?

Jibu: Marahaba Mama Mwalimu. Bwana asifiwe milele.

Nianze na yale matangazo, maana naona ndiyo yaliyokuchoma kuliko kinanda. Kumtangaza mtu mbele ya usharika kwamba amepumzishwa, naye hajaambiwa, ni kukosa adabu, na hakuna andiko la kulipamba. Nasema hivyo nikijua dhambi yangu. Nilipokuwa bado kazini niliwahi kumbadilisha mtunza hazina wa usharika kwa njia hiyohiyo. Niliogopa kukaa naye ofisini tukatazamana, nikaona kipaza sauti kitanisaidia. Mzee yule hakusema neno. Benchi lake lilikaa wazi karibu mwaka mzima, nami kila Jumapili nikihubiri macho yangu yanaangukia palepale.

Kwa hiyo una mambo mawili, na yamefungwa fundo moja. La kwanza ni jinsi ulivyotendewa. La pili ni mabadiliko yenyewe. Mchungaji wako ameyafunga pamoja, ili ukilalamikia la kwanza uonekane unakataa la pili. Na wewe, nisamehe Mama, umeyafunga pamoja vilevile: kwa kuwa ulitendewa vibaya, basi kila kinachoendelea pale madhabahuni ni kibaya. Tulifungue.

La kwanza dawa yake ipo Mathayo 18:15: ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Si kwa simu, si kwenye jumuiya, na tafadhali si kwenye mnada baada ya ibada watu wakigombania mikungu ya ndizi. Omba nafasi ofisini. Mwambie neno moja tu: "Uliponitangaza kabla ya kuniambia, uliniumiza." Usichanganye na vyombo vya muziki. Ukimtajia gitaa, atajibu habari ya gitaa, na la msingi litapotea. Kama hasikii, Bwana Yesu mwenyewe ameeleza hatua zinazofuata, na kwetu wapo wazee wa kanisa na yupo mkuu wa jimbo. Lakini Mama, ukishalisema, limesemwa. Usilirudie kwa kila anayepita getini.

Sasa swali lenyewe. Je, ni kweli kwamba anayekataa mabadiliko hakui kiroho?

Ni nusu ya kweli. Sisi Walutheri tungepaswa kuijua nusu hiyo kuliko wengine, maana Martin Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, hoja ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba Kristo aliposema "Tubuni" alitaka maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Maisha yote, si siku ya kubatizwa tu wala siku ya kupokea kipaimara. Na kutubu ni kugeuka. Mkristo aliyefika mahali akasema "mimi nimeshageuka, sasa napumzika" ameiacha njia akiwa bado anakaa benchi la mbele.

Lakini tazama Maandiko yanasema kitu gani ndicho kinachobadilika. Warumi 12:2 unaijua kwa moyo: "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu." Neno la Kigiriki lililoko hapo linapatikana mahali panne tu katika Agano Jipya lote. Mara mbili, kwa Mathayo na kwa Marko, linamhusu Bwana Yesu alipogeuka sura mlimani mbele ya wanafunzi watatu. Mara mbili zilizobaki linatuhusu sisi: hapo Warumi, na katika 2 Wakorintho 3:18, tunapobadilishwa tufanane na mfano wake. Mahali pote pawili kinachobadilika ni mtu, si ratiba ya ibada. Na angalia, Paulo anasema "mgeuzwe", hasemi "jigeuzeni". Yupo anayegeuza.

Kwa hiyo mchungaji hawezi kuchukua mpango wake wa Jumapili, uwe mzuri kiasi gani, akauita utakaso. Kuleta kinanda si uamsho, na kukiondoa si uamsho. Badiliko la ibada lina kipimo chake, nacho Paulo alikiandikia kanisa lililokuwa na kelele kuliko lenu: "Mambo yote na yatendeke kwa kusudi la kujenga" (1 Wakorintho 14:26). Una haki ya kukaa na wazee wa kanisa mkauliza: je, tunajengwa? Vijana waliokuwa wanasimama nje wakati wa mahubiri, sasa wako ndani? Wazee wanaoimba kwa kitabu, wameachiwa nafasi yao? Maneno ya nyimbo mpya yanamtaja Kristo msalabani, au ni "nainuliwa, nainuliwa" mwanzo hadi mwisho? Hayo ni maswali halali, na asiyeyapenda mwache akasirike.

Ila kuyauliza ni lazima uwepo. Mtu aliye nyumbani na redio hawezi kupima kitu.

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo nadhani litakusaidia kuliko hoja hizi. Wewe ni mwalimu wa kwaya. Je, umewahi kujiuliza kwaya ilianzaje katika nyumba ya Mungu?

Fungua Hesabu 4 na 7. Jangwani, kazi ya Walawi ilikuwa kubeba. Wana wa Gershoni na wa Merari walipewa magari na ng'ombe kwa ajili ya mapazia, mbao na nguzo. Wana wa Kohathi hawakupewa gari hata moja, kwa sababu vyombo vitakatifu vilichukuliwa mabegani. Baba anambebesha mwana, mwana anambebesha mjukuu, vizazi na vizazi. Ukimwuliza Mlawi wa Kohathi "wewe ni nani?", nadhani angekuonyesha bega lake.

Halafu Daudi akawa mfalme, sanduku la agano likaletwa Yerusalemu, na Hekalu likaanza kupangwa. Katika 1 Mambo ya Nyakati 23:26 kuna sentensi ambayo wengi tunaipita haraka: kwamba Walawi hawatahitaji tena kuichukua maskani na vyombo vyake. Kwa maneno ya leo, kazi imefutwa. Sanduku limefika, halihami tena, na mabega hayahitajiki. Maandiko hayasemi walijisikiaje siku hiyo. Mimi naamini walikuwepo wazee waliorudi nyumbani kimya.

Soma mistari minne mbele, uone walipewa nini badala yake: wasimame kila asubuhi kumshukuru na kumsifu Bwana, na jioni vivyo hivyo. Katika hesabu ya sura hiyohiyo, Walawi 4,000 wamewekwa kwa ajili ya kumsifu Bwana kwa vinanda. Mama, kwaya uliyoitumikia miaka 24 chimbuko lake ni watu ambao kazi yao ya asili iliisha. Wapagazi ndio waliogeuzwa waimbaji. Kama wangeng'ang'ania mabega yao, tungekuwa na Zaburi chache sana za kuimba.

Endelea hadi sura ya 25. Walimu na waimbaji hodari wanahesabiwa 288, kisha wanapiga kura za zamu zao, na mwandishi anaona ni muhimu kutuambia kwamba zilipigwa sawasawa, mdogo kama mkubwa, mwalimu kama mwanafunzi. Nimefundisha Agano la Kale miaka mingi, na bado mstari huo unanishangaza. Kwenye kwaya ya Daudi mwalimu hakuwa na kiti chake cha kudumu. Kijana aliyemfundisha angeweza kupata zamu mbele yake.

Labda utasema, hao ni wa kale, lakini nyimbo zetu ni urithi. Kweli ni urithi. Ila urithi nao uliwahi kuwa mgeni. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walikuta watu wanaojua kuimba, wakaja na tenzi za Kijerumani, na baadaye tarumbeta zikafuata. Leo kijana akisema tarumbeta zipunguzwe, wazee wanasimama kuzitetea kana kwamba zilichimbwa kwenye mifereji yetu. Na huko Ujerumani nako, kitabu cha kwanza cha nyimbo cha Walutheri, cha mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo 8 tu. Usharika mzima kuimba kwa lugha ya nyumbani halikuwa jambo dogo kwa watu waliozoea kusikiliza Kilatini.

Hata hizo do-re-mi ulizoandika kwa penseli kwenye kaunta buku zina habari yake. Utaratibu huo wa kuandika nyimbo kwa herufi ulianzia kwa mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, binti wa mchungaji, aliyekuwa akitafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba. Mchungaji mmoja, John Curwen, akauchukua, akaubadili, akaueneza, na Glover akiwa bado hai. Bila mikono ya huyo wa pili huenda usingefika usharikani kwenu.

Haya, lakini moyo unauma, na maumivu hayaishi kwa kusoma historia. Basi twende Ezra sura ya 3. Hekalu la Sulemani lilibomolewa mwaka 586 kabla ya Kristo, na msingi wa lile jipya uliwekwa yapata miaka 50 baadaye. Siku ya kuuweka, makuhani wana parapanda, wana wa Asafu, ukoo wa waimbaji, wana matoazi, watu wanapiga kelele za shangwe. Lakini makuhani na wazee walioiona nyumba ya kwanza kwa macho yao wakalia kwa sauti kuu. Piga hesabu: hao walikuwa na miaka sitini na zaidi. Rika lako kabisa. Na mwandishi anasema watu hawakuweza kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio, na kelele ile ikasikika mbali.

Nakiri nimewahi kuhubiri andiko hilo vibaya. Nilisema wale wazee walikosa imani. Siku hizi siwezi kulisema hilo. Ezra hawakemei, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Walilia palepale kwenye msingi, katikati ya wanaoshangilia, na sauti zao zikapanda pamoja. Naamini Mungu anazipokea zote mbili. Kwa hiyo, Mama, kulia ruhusa. Ukisikia kile kinanda kikianza na machozi yakakutoka, yaache yatoke. Tofauti yako na wazee wale ni moja tu, kwamba wao walilia wakiwa mahali pa ibada.

Na kuna jingine la kusema kwa upole. Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Mungu mwenyewe, na watu wakapona. Miaka mingi baadaye mfalme Hezekia aliivunja shaba ileile, kwa kuwa Waisraeli walikuwa wameanza kuifukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Kitu kilikuwa chema, kilitoka kwa Mungu, kiliokoa maisha, kikageuka sanamu bila mtu kuona siku kilipogeuka. Sisemi kwaya yako imekuwa sanamu. Siwezi kulijua hilo nikiwa mbali. Lakini swali lako la mwisho, lile la kukauka, linanifanya nikuombe ulitazame.

Nikueleze yaliyonipata. Jumapili ya kwanza baada ya kustaafu nilikaa benchi la nne upande wa kushoto, na suti badala ya kanzu. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Mahubiri yalipoanza nikajikuta nahesabu makosa: ameruka mstari, ameacha muktadha, anapiga kelele pasipo sababu. Mwishoni mchungaji kijana akainua mikono, "Bwana akubariki na kukulinda", na mikono yangu nayo ikaanza kupanda yenyewe. Mke wangu akanivuta koti. Njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Baba, leo ulisali au ulisimamia?"

Ilinichukua muda kumjibu. Kwa miaka 37 nilikuwa nafungua Biblia nikitafuta cha kuwaambia watu. Kazi ilipoisha, nikifungua Biblia naona kurasa tu, maana hakukuwa na watu wa kuambiwa. Nilidhani imani yangu imekauka. Kumbe kilichokauka ni mfereji wa kazi, na mimi nilikuwa nimeacha siku nyingi kuchota kwenye chemchemi kwa ajili ya kiu yangu mwenyewe.

Huenda nawe ni hivyo. Miaka 24 umeimba ukisikiliza sauti ya pili kama imepanda, sauti ya nne kama imechelewa, nani hakuvaa sare. Ulisali lini, Mama, bila kusimamia? Hapo ndipo naona mabadiliko haya yanaweza kuwa sehemu ya kukua kwako, hata kama yalifanywa kwa mkono mbaya. Mungu hakuhitaji adabu ya ndugu zake Yusufu ili amfikishe Yusufu Misri. Ubaya wao ulibaki ubaya, na Yusufu aliwaambia hivyo waziwazi. Bado Mungu alipita humohumo.

Kwa sasa usijilazimishe maombi marefu. Chukua Zaburi ya 71, isome taratibu asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Humo yumo mzee anayesema, "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Hajifanyi shujaa. Na ukifika mstari wa 18 utaona anaomba asiachwe mpaka akieleze kizazi kinachofuata habari za nguvu za Mungu. Yaani ana mvi, na bado ana wanafunzi.

Hilo linanipeleka kwenye utaratibu mmoja katika Torati ambao sisi wa makanisani tumeusahau. Hesabu 8, mstari wa 23 hadi mwisho: Mlawi aingie kazini akiwa na miaka 25, na afikapo 50 aache kazi ile nzito. Lakini haambiwi aende nyumbani. Anabaki pamoja na ndugu zake katika hema, akilinda ulinzi. Kubeba habebi, ila yupo. Anajua kamba ipi hufunguliwa kwanza, na ubao upi hukaa kona ipi. Makanisa yetu yana njia mbili tu za kumtendea mtumishi aliyezeeka: ama tunamwacha hadi afie kwenye cheo, ama tunamtangaza na kumpa kitenge cha kumuaga. Hiyo ya tatu hatuijui. Ukienda kuongea na mchungaji, na lile la kwanza likiisha vizuri, mwonyeshe sura hiyo. Mwambie huombi kurudishiwa kwaya. Unaomba kulinda ulinzi.

Na yule kijana mwalimu mpya, umeongea naye? Naona katika barua yako umemtaja kama aliyekuchukulia nafasi, na hukusema neno baya jingine juu yake. Nahisi naye hana raha. Amepewa kwaya ya mwalimu wake bila baraka ya mwalimu wake, na anasimama mbele ya mama zake wanaomwangalia kama mwizi. Neno lako moja lingemfungua mikono. Eli alikuwa mzee, macho yake yamefifia, nyumba yake imeharibika, lakini Samweli alipoitwa usiku ni Eli aliyemwambia namna ya kujibu. Samweli hakuijua sauti ile. Mzee aliijua.

Jumapili hii nenda. Nenda ibada ya kwanza kama ya pili ni nzito mno, kaa unapotaka, na siku ikiwapo Meza ya Bwana, inuka uende. Wiki sita bila ushirika wa watakatifu ni nyingi, na redio haimegi mkate. Wimbo usioupenda ukipigwa, si lazima upige makofi. Simama tu. Ukiweza, sikiliza maneno yake kama unavyosikiliza sala ya mjukuu ambaye bado anakosea sarufi.

Kuhusu kaunta buku, usilitoe wiki hii. Likabidhi siku utakayoweza kulitoa bila kinyongo, hata kama ni mwezi wa kumi, na umkabidhi kijana mkononi, mkiwa wawili, umwonyeshe ni nyimbo zipi kwaya huzikosea na kwa nini. Ila kabla ya siku hiyo lipeleke steshenari ukalitoe fotokopi kurasa zote. Noti za penseli za miaka 24 zitakuwa zimeanza kufifia, na nyingine sidhani kama zimeandikwa mahali pengine popote.